Ulipoinua Mkono na Mpira Usije

Roda,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki kungoja ipoe. Nikingoja nitakuandikia barua ya Mwalimu, yenye mistari iliyonyooka na mafunzo ishirini, nawe utaikunja uiweke chini ya nguo usiisome tena. Mambo ya blanketi, sabuni na namna ya kusalimia wakubwa wako chuoni baba yako atakuambia. Yeye ana subira. Mimi nataka tuzungumze juu ya Jumamosi.

Tangu Jumamosi umekaa katika nyumba hii kama mgeni. Unaosha vyombo, unapiga nguo zako pasi, unaniitikia "ndiyo Mama," "sawa Mama," na macho yako yako dirishani. Kesho asubuhi gari la Kisumu litakuchukua pale Litein uende ukajifunze uuguzi, na likizo yako ya kwanza ni mpaka Krismasi. Sikubali uondoke na ukimya huo. Nimewakasirikia watu wengi wiki hii. Nimewakasirikia wachezaji wangu, nimekukasirikia wewe, na yule ninayemkasirikia zaidi nitamfikia.

Nianze na nilichokiona.

Unajua nimefundisha timu ya netiboli ya wanawake wa esteti hii ya chai miaka sita. Miaka sita, Roda, kwenye kiwanja chenye mteremko, ambako mpira ukitoka nje unateremka mpaka ndani ya chai na tunautafuta kwa kupapasa. Hatukuwa tumewahi kufika fainali. Mwaka huu tukafika. Mpaka meneja akatupa lori, na wachumaji wakapewa ruhusa ya siku nzima, na wanawake wakaimba kutoka hapa mpaka Kericho.

Nilikuweka wewe kuwa mfungaji. Katika netiboli ni wawili tu wanaoruhusiwa kutupa mpira golini, na hao wawili kwetu walikuwa wewe na kapteni Kerubo. Wengine watano hata wakisimama chini ya goli hawawezi kitu. Basi timu ambayo haimpi mmoja wa wafungaji wake mpira imejikata mkono yenyewe.

Robo ya kwanza niliona umesimama peke yako ndani ya nusu duara, mkono juu, hakuna mtu karibu nawe. Mpira ukaenda kwa Kerubo. Nikasema, hajamwona. Robo ya pili ikawa vilevile. Wale wasichana wa upande wa Sotik si wajinga. Waliona mapema kwamba mpira unakwenda kwa mmoja tu, wakakuacha, walinzi wao wote wawili wakaenda kumkaba Kerubo. Nawe ukabaki pale kama mtu anayeita gari lisilosimama. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Mpeni Roda. Yuko wazi. Mpeni Roda." Kerubo alinitazama usoni, akasikia, akautupa mpira juu ya mikono minne iliyomzunguka, ukakosa.

Nilihesabu. Katika mechi nzima ulipewa mpira mara saba, ukafunga sita. Tulishindwa kwa mabao matatu.

Hukulia. Ulikwenda ukawapa mkono wale wa Sotik mmoja mmoja, ukawapa mkono na wa kwetu pia, na wa kwetu wakautazama mkono wako kabla ya kuushika. Niliona. Nilikuwa naona kila kitu siku ile isipokuwa kitu kimoja.

Kwenye lori ndipo nilipofanya yale unayoyajua. Nataka niyaandike hapa kwa mkono wangu, nisije siku moja nikajidanganya kwamba hayakuwa mabaya sana. Tulikuwa tumepita Kapsoit... hapana, huko si njia yetu. Unaona, hata njia siikumbuki, kwa hasira. Nilisimama, nimeshika vyuma vya lori, nikawaambia wameuza kikombe, wana roho mbaya, wameona mtoto aliyesoma wakamwonea wivu. Halafu nikasema, "Ndiyo maana nyinyi mtachuma majani mpaka mzikwe."

Mama yangu alichuma majani katika esteti hii miaka kumi na tisa. Alinisomesha kwa kikapu hichohicho cha mgongoni. Na mimi, mwalimu, mwenye viatu alivyoninunulia yeye, nikasimama mbele ya wanawake wa aina yake nikalifanya jina la kazi yake kuwa tusi.

Kerubo ndiye aliyejibu. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, hatukupanga. Hakuna aliyesema tusimpe mpira. Mkono tu ulikataa."

"Mkono ulikataa kwa nini?"

"Uliza mwenyewe," akasema, akageuka akatazama barabara.

Nilikuuliza wewe tuliposhuka. Tulikuwa tunapanda ile njia ya kuja nyumbani, viatu vyako mkononi. Nikakuuliza wana nini na wewe, uliwakosea nini. Ukasimama ukaniambia maneno matano: "Mama, ulinipa nafasi ya mtu." Nami nikakukaripia. Nilikuambia huna shukrani. Tangu hapo hujasema zaidi ya "sawa Mama."

Sasa nieleze upande wangu, kwa maana wewe uliujua na mimi nilijifanya siujui.

Nafasi ile ilikuwa ya Tapkigen. Miaka minne alikuwa mfungaji wetu. Mwanamke wa watoto wawili, mwembamba, hata kuruka haruki sana, lakini akishika mpira chini ya goli unaweza kuanza kurudi katikati ya uwanja, maana umekwisha kuingia. Bila yeye tusingefika hata robo fainali. Lakini mwezi wa saba alianza kuchelewa mazoezini. Walikuwa wamemhamisha kwenye kipande cha mwisho cha chai, kule karibu na mto, na majani ya kule hupimwa mwisho. Mazoezi yalikuwa saa kumi. Yeye alikuwa anafika wengine wanakunywa maji waende nyumbani.

Siku ya tatu nilimkemea mbele ya wote. Akanijibu, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, wewe unafunga shule saa tisa na nusu. Mimi napimiwa majani saa kumi na moja. Sasa nifanye nini? Niache kikapu chini?"

Lilikuwa swali zuri. Jibu lake lilikuwa jepesi: kusogeza mazoezi saa moja na nusu mbele. Hakuna aliyekuwa anakataa. Kilichonifanya nishike saa kumi ni kwamba nilipenda kufika nyumbani mapema, na nilikuwa nimezoea kusema jambo likakaa. Niliona amenijibu. Nikatunga sheria palepale: anayekosa mazoezi mara tatu hachezi. Na ilikuwa mara ya tatu.

Hiyo ndiyo hadithi niliyowaambia watu. Haijakwisha.

Wewe ulikuwa umekuja nyumbani kutoka shule, umemaliza mitihani, unangoja barua ya chuo. Ulikuwa mfungaji mzuri shuleni, na sikuwahi hata mara moja kukuona ukicheza, kwa sababu siku za mechi zenu mimi nilikuwa na mechi zangu. Barua ilipofika nikajua unaondoka. Nilitaka nikuone, Roda. Mara moja tu, mbele ya watu, niseme yule ni wangu. Tapkigen aliponijibu, moyo wangu ulifurahi. Nakuambia ukweli. Kabla hasira haijaingia, kulikuwa na furaha kidogo, kwamba sasa nimepata sababu.

Kama ningesema waziwazi, "Jamani, binti yangu anaondoka, naomba acheze fainali," pengine wangekubali. Pengine Tapkigen mwenyewe angekupa kile kitambaa cha herufi kinachoonyesha nafasi ya mchezaji, akufunge kifuani. Wanawake wale wana watoto. Lakini niliiba nikaita sheria.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuyaona haya. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikaa kwa nyanya yangu huko Maragoli, mama akiwa huku kwenye chai, na niliimba katika kwaya ya kanisa. Aliyekuwa anaanzisha nyimbo ni msichana mmoja aitwaye Jerida, rafiki yangu. Ulipokaribia mkutano mkubwa, mwalimu wa kwaya alimtoa Jerida akamweka mpwa wake, akasema Jerida ana kikohozi. Jerida hakuwa na kikohozi. Hatukusema kitu. Siku ya mkutano, yule mpwa alipoanzisha wimbo, tukashusha sauti, kidogo, kidogo zaidi, mpaka akabaki juu peke yake kama mtu aliyepanda mti watu wakaondoa ngazi. Sauti ikamkatika mbele ya kanisa zima. Hatukuwa tumepanga. Kinywa tu kilikataa. Tulicheka njia nzima ya kurudi, na mimi ndiye niliyecheka sana. Yule msichana hakuimba tena pale, na mwalimu aliyetukosea aliendelea kula chakula chake cha jioni bila shida.

Nilikaa pembeni ya uwanja wa Kericho saa nzima nikitazama jambo lilelile nililolifanya mimi, na sikulitambua. Safari hii mwalimu wa kwaya ni mimi, na msichana aliyeachwa juu ni wewe.

Jumatatu nilikwenda banda la kupimia majani. Nilimkuta Tapkigen kwenye foleni, kikapu kimejaa. Akaniona akasema, "Mwalimu, leo si mazoezi."

"Najua. Nimekuja kwako."

"Basi ngoja nipimiwe."

Alikuwa wa tatu kutoka mbele. Akampisha wa nyuma yake. Halafu akampisha mwingine, na mwingine, mpaka akawa wa mwisho kabisa. Wanawake wote waliona. Nilisimama juani na viatu vyangu vya shule mpaka banda likabaki na sisi na karani.

Tulipotoka nikamwambia, "Nilikukosea nilipokutoa."

Akatikisa kichwa. "Kunitoa, hapana. Wewe ndio kochi, unaweza kunitoa. Ulinikosea uliposema ni sheria."

Akaanza kutembea, nami nikamfuata.

"Mama mkwe wangu alitoka Roret," akasema. "Alikuja na watoto wangu, amevaa nguo ya kanisa, anione. Sikuwa nimemwambia kwamba umenitoa. Nilifikiri labda siku ile utanihurumia uniite. Tukakaa kwa nyasi. Akaniuliza, 'Kwani wewe unaingia saa ngapi?' Nikamwambia bado kidogo. Akaniuliza tena. Aliniuliza mpaka refa akapiga filimbi ya mwisho."

"Nisamehe, Tapkigen."

"Unataka niseme nini, Mwalimu? Mechi imeisha." Akaning'iniza kikapu kitupu begani. "Msichana wako alikuja kwangu Jumapili. Alinisaidia kukamua ng'ombe. Alitaka kunipa ile kitambaa ya herufi, nikamwambia akae nayo, yeye hana kosa. Halafu akaniuliza kama watoto walilia. Wewe hujaniuliza watoto."

Kweli sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimekwenda kutafuta msamaha wangu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Jumapili, uliposema unakwenda kumuaga rafiki yako, ulikuwa ng'ambo ya mto unaifanya kazi iliyokuwa yangu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa aibu, na aibu ilipofika mlangoni ikageuka ikawa hasira juu yako. Ulijua. Wiki mbili za mazoezi ulijua kwamba hawakupi mpira. Ulikuwa unarudi umekwaruzwa, unasema umeanguka. Ulijua kabla ya fainali kwamba nimemdhulumu mtu, nawe ukavaa kile kitambaa ukaingia uwanjani. Kwa nini hukuniambia?

Nilikuwa nimejipanga kukuuliza hivyo juzi, kwa ukali. Kisha jana nikaenda mazoezini.

Nilikuwa nimewatumia habari kwamba tukutane saa kumi na moja na nusu, na kwamba itakuwa hivyo daima. Walikuja wote, wakasimama mbali kidogo. Niliwaambia niliyokuambia wewe hapa: kwamba ile sheria ilikuwa uongo, kwamba nilitaka mtoto wangu acheze, na kwamba neno nililolisema kwenye lori lilimtukana mama yangu kabla ya kuwatukana wao. Hakuna aliyepiga makofi, na sikutaka wapige. Lakini nilikuwa na hasira yangu bado, nikasema na hiyo pia. Nikawaambia, "Nanyi mlikosea. Kosa lilikuwa langu mkalipa kwa mtoto. Mlikuwa na midomo. Nami nina masikio."

Kerubo akasema, "Masikio unayo, Mwalimu. Lakini ukikasirika unayafunga. Tapkigen alisema kwa mdomo. Si ndio ulimtoa?"

Wengine wakatazama chini. Nikamwuliza, "Na kikombe je? Hamkukitaka?"

"Nilikitaka sana," akasema, na nikaona macho yake yamejaa. "Nalala nikikifikiria. Usidhani tumefurahi. Na Roda pia tulimkosea, nitamwambia mwenyewe." Natumaini amekwambia. Kama hajakwambia, usimchukie, ni mgumu kama mimi.

Tapkigen alifika tukiwa katikati ya mazoezi. Alisimama pembeni, sweta begani. Kerubo akamrushia mpira. Akaudaka, akaushika muda mrefu kuliko refa angekubali, halafu akamrudishia akaenda zake nyumbani kukamua. Sijui kama atarudi timu. Nilitaka kumkimbilia, nikajizuia. Nimezoea kuamua mambo yaishe lini, na hili si langu kuamua.

Sasa wewe unakwenda wodini. Huko kuna timu nyingine, na kuna wakubwa kama mimi, watakaotunga sheria wakiwa wamekasirika. Sitakuambia uwe mnyenyekevu, wala sitakuambia upigane. Nakuambia niliyoyaona tu. Nimeona watu saba wazuri wakishindwa na watu ambao hawakuwazidi kitu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na neno akalificha mkononi. Uwanjani ukilificha unapoteza kikombe. Huko uendako wewe, mpira ni dawa, ni maji, ni habari kwamba mgonjwa wa kitanda cha mwisho hapumui vizuri. Ukimkasirikia aliyekupa zamu mbaya, mwendee yeye. Yule mliye naye zamu moja usimnyime kitu. Na siku mkubwa wako atakapokupa nafasi ya mtu mwingine kwa sababu anakupenda, kataa mapema, hata kama anayekupenda amefanana nami. Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu, na ni kosa dogo kuliko langu, lakini ni lako. Usiniachie nilibebe mimi.

Lakini yale maneno ya Kerubo yamekaa nami tangu jana. Nimekuuliza kwa nini hukuniambia, na nimejijibu mwenyewe. Uliniambia. Njiani, viatu mkononi, kwa maneno matano, na mimi nikakuita huna shukrani. Nikirudi nyuma zaidi, nakumbuka jioni moja kabla ya fainali ulianza kusema, "Mama, huyu Tapkigen," nami nikakukata nikasema chumvi imezidi kwenye mboga. Chumvi haikuwa imezidi.

Jua bado liko juu, baba yako hajarudi kutoka kiwandani, nawe umekwenda kuaga watu huko laini, kwenye nyumba za wachumaji. Barua hii sitaificha katika sanduku lako uisome ukiwa mbali. Nitakupa mkononi jioni hii. Kesho tutatembea wawili mpaka Litein, baba yako atatangulia na mzigo, na njia ni ndefu ya kutosha. Nataka uniambie yote uliyonyamazia, ya timu na ya nyumbani, hata yale ya zamani. Unanijua. Katikati ya njia nitaanza kukasirika.

Usinyamaze. Endelea mpaka umalize.

Mama yako